Alcestis, Mke Aliyekufa Badala ya Mumewe

Katika visa vya kale vya Wayunani wako wake wengi waliosifiwa kwa mapenzi yao. Penelope alimngoja mumewe miaka ishirini, akifuma nguo mchana na kuifumua usiku ili awacheleweshe wanaume waliotaka kumwoa. Evadne alijitupa katika moto uliokuwa ukichoma maiti ya mumewe. Laodamia hakuweza kuishi baada ya kuuawa mumewe Protesilaus, Myunani wa kwanza kukanyaga ardhi ya Troy. Hao wote waliyafanya hayo waume zao wakiwa mbali au wamekwisha kufa. Alcestis, binti wa mfalme Pelias wa Iolcus, habari yake ni nyingine. Yeye alikufa ili mumewe apate kuishi, tena kwa hiari yake, na mume huyo alikuwa mzima, amesimama kando yake akilia.

Juu ya mke huyo yamesemwa mengi na vizazi vingi. Leo nataka tumtazame yeye, na tumtazame na huyo mume.

Kisa hiki ni cha zamani mno. Homer, alipokuwa akizihesabu marikebu zilizokwenda katika vita vya Troy, alizitaja marikebu 11 zilizoongozwa na Eumelus, mwana wa Admetus na Alcestis, na hapo hapo akamsifu mama huyo kwa uzuri kuliko binti wote wa Pelias. Lakini aliyekipa kisa uhai uliodumu hata leo ni Euripides, mtungaji wa michezo ya kuigiza wa mji wa Athens. Mchezo wake uitwao Alcestis ulionyeshwa mbele ya watu mwaka wa 438 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, na katika michezo yake tuliyo nayo mpaka leo ambayo mwaka wake wajulikana, huo ndio wa kwanza.

Msomaji aliyezoea kusikia majina ya Aflatuni na Aristatalisi huenda akajiuliza mbona hajapata kulisikia jina la Euripides. Sababu yake ni kwamba wanazuoni waliofasiri vitabu vya Wayunani kwa Kiarabu zama za Baghdad walishughulika na tiba, hisabati, falaki na falsafa. Michezo ya jukwaani hawakuishughulikia. Abu Bishr Matta, aliyefariki mwaka wa 940, alipokifasiri kitabu cha Aristatalisi juu ya ushairi, alikuta humo habari za michezo ya misiba na michezo ya kuchekesha. Vitu kama hivyo Waarabu hawakuwa navyo. Basi ule wa kwanza akauita madihi, yaani mashairi ya kusifu, na ule wa pili akauita mashairi ya kukashifu. Wengi wamemcheka kwa sababu hiyo. Lakini laiti angalikuwa na mchezo huu wa Alcestis mkononi, ingalikuwa vigumu kumwambia kuwa amekosea, maana umejaa sifa za mke kutoka mwanzo hadi mwisho, na ndani ya sifa hizo imefichwa kashfa ya mume.

Kisa chenyewe chaanzia katika ugomvi wa miungu yao, na msomaji avumilie kidogo, kwani hiyo ndiyo iliyokuwa itikadi ya watu hao, na bila ya hiyo hadithi haiendi. Asclepius, mwana wa Apollo, alikuwa tabibu hodari hata akafikia kufufua maiti. Zeus, mkubwa wao, akakasirika, akampiga kwa radi akamwua. Apollo kwa uchungu wa mwanawe akawaua mafundi waliokuwa wakimfulia Zeus hizo radi. Adhabu aliyopewa ni kushuka duniani awe mtumishi wa mwanadamu kwa muda, akaangukia kuwa mchungaji wa mifugo ya Admetus, mfalme wa Pherae katika nchi ya Thessaly. Mji huo leo waitwa Velestino, nao uko karibu na bandari ya Volos.

Admetus hakumdharau mtumishi wake. Alimtunza vyema, na Apollo hakuusahau wema huo. Kwanza alimsaidia kumpata Alcestis, kwani Pelias alikuwa ametoa sharti kwamba atakayemwoa binti yake lazima aje na gari linalokokotwa na simba na nguruwe mwitu waliofungwa nira moja. Kisha, siku za Admetus zilipokaribia kwisha, Apollo aliwaendea wale dada watatu ambao Wayunani waliamini kuwa ndio wasokotao na kuukata uzi wa umri wa kila mtu. Akawahadaa, wengine husema aliwalewesha. Wakakubali kwamba Admetus asife siku yake, mradi apatikane mtu wa kufa badala yake.

Mtu wa pwani atasema hapo hapo kwamba ajali haina kinga. Admetus aliona imepata kinga, na kilichobaki ni kumtafuta wa kuilipia. Akawaendea jamaa zake wote. Baba yake, Pheres, mzee aliyekwisha kula chumvi nyingi, alikataa. Mama yake naye alikataa. Aliyekubali ni mkewe peke yake, mwanamke kijana mwenye mtoto wa kiume na wa kike.

Mchezo waanza siku ya deni kulipwa. Apollo atoka katika nyumba ile asije akanajisika kwa kifo, na mlangoni akutana na Mauti mwenyewe, upanga mkononi, amekuja kukata shungi la nywele za Alcestis ili kumweka wakfu kwa walio kuzimu. Apollo ajaribu kumbembeleza amwache mpaka awe mzee. Mauti akataa katakata. Yeye hupata heshima zaidi achukuapo kijana.

Kisha mjakazi atoka nje, awaeleze wazee wa mji jinsi bibi yake alivyoipokea siku hiyo. Nionavyo mimi hapo ndipo penye uzuri wa mchezo wote, ingawa yote yaelezwa tu na hayaonekani. Alcestis alipojua kuwa siku imefika, alioga kwa maji ya mtoni, akatoa nguo na mapambo katika sanduku la mwerezi, akajipamba. Akasimama akawaombea watoto wake, mwana apate mke mwema, na binti apate mume muungwana, wasife kabla ya wakati kama mama yao. Akazunguka nyumba nzima akiyapamba mahali pa ibada kwa majani ya mhadasi, wala chozi halikumtoka, wala rangi ya uso haikubadilika. Lakini alipoingia chumbani mwake akakiona kitanda cha ndoa yake, hapo ndipo alipovunjika. Alikiangukia, akakibusu, akakilowesha kwa machozi. Akatoka, akarudi, akakiangukia tena. Akafanya hivyo mara nyingi. Watoto walimng'ang'ania nguo wakilia. Na watumishi wote walipokuwa wakilia, yeye alimpa mkono kila mmoja, hata yule wa chini kabisa, akaagana naye.

Mumewe wakati huo alikuwa wapi? Mjakazi asema alikuwa amemkumbatia mkewe analia, akimsihi asimwache. Hebu tulifikiri jambo hilo. Mtu aliyekwenda nyumba kwa nyumba akitafuta wa kufa kwa ajili yake, na akampata, sasa amwomba huyo aliyempata asife! Euripides halitii neno lolote la kumcheka. Aliacha tu lisikike.

Alcestis aletwa nje alione jua mara ya mwisho. Aona mashua ya kuzimu na mwenye kuivusha akimharakisha. Halafu akili yamtulia, asema maneno yake ya mwisho, na maneno hayo si ya mapenzi kama watu wanavyodhani. Ni hesabu. Asema kwamba hakulazimika kufa. Angaliweza kubaki mjane akaolewa na mwanamume yeyote amtakaye katika Thessaly, akaishi katika nyumba ya kifalme. Asema kwamba baba na mama wa mumewe ndio waliostahili kufa, kwani wamekwisha zeeka, na mwana wao ni huyo mmoja tu, wala hawana tamaa ya kuzaa mwingine. Asema hakutaka kuishi bila yake huku watoto wakiwa mayatima. Ndipo aombe malipo, naye akiri kwamba malipo hayo hayalingani na alichotoa, kwa kuwa hakuna kilicho sawa na uhai. Aombalo ni moja: mumewe asioe tena, asije akawaletea watoto wake mama wa kambo.

Kuhusu mtoto wa kiume hana hofu kubwa, maana baba yake ni ngome yake. Wasiwasi wake ni juu ya binti. Nani atamlea usichana wake? Mama wa kambo akimtolea jina baya, hatapata mume. Na siku ya kujifungua, wakati ambapo msichana hamhitaji mtu kama mama yake, mama hatakuwapo. Wasikilizaji wa Athens waliyajua mambo hayo vizuri. Kwao binti alitolewa na baba yake pamoja na mali yake, akaingia nyumba ya watu wengine, na mumewe akifa aliweza kurudi kwao na mali hiyo akaozwa tena. Kwa hivyo Alcestis asemapo angaliweza kuolewa na mwingine, si majigambo. Njia hiyo ilikuwa wazi kabisa kwa mjane kijana.

Admetus aahidi yote, na zaidi ya yote. Hataoa. Ataomboleza umri wake mzima, si mwaka mmoja. Atawachukia wazazi wake. Karamu, mashada ya maua na nyimbo vitakoma nyumbani mwake. Tena atawaamuru mafundi wachonge sanamu ya mkewe, ailaze kitandani, aikumbatie na kuiita kwa jina lake. Wako wasomaji wa mchezo huu waliozilia ahadi hizi na wako waliozicheka. Mimi nimo katika hao waonao kwamba mtu mwenye kuahidi mengi namna hiyo ana deni ambalo ajua halilipiki.

Alcestis afa. Na kabla ya maziko, mgeni abisha hodi.

Mgeni huyo ni Heracles, shujaa mwenye nguvu kuliko wanaume wote wa Wayunani, yumo njiani kwenda Thrace kuwakamata farasi wa Diomedes walao nyama ya watu. Aona nyumba ina msiba, auliza nani aliyefiwa, ataka kwenda kwa mwenyeji mwingine. Admetus hakubali. Amwambia kwamba aliyekufa ni mwanamke tu, tena mtu wa kando, si wa damu ya nyumba ile, ingawa alikuwa na uhusiano nao. Kisha aamuru mgeni apelekwe vyumba vya wageni na milango ya kati ifungwe, asisikie kilio wakati wa kula.

Jibu hilo lina hila ndani yake. Kwa kweli mke si wa damu ya mumewe; ametoka nyumba nyingine. Admetus hakusema uongo. Lakini huyo mtu wa kando ndiye aliyetoa roho, na wale wa damu, baba na mama, walizishika roho zao. Katika neno moja la kumficha mgeni, Euripides ameweka mzani mzima wa ukoo na ndoa.

Na hata hivyo tusimwonee Admetus. Kumkirimu mgeni ndiyo tabia yake njema, ndiyo iliyomfanya Apollo ampende, na jamii zilizoishi kando ya bahari zajua uzito wake. Sisi tuna msemo wetu wa mgeni njoo, mwenyeji apone, na sijaona kisa kinachoufasiri msemo huo waziwazi kuliko hiki, kama tutakavyoona.

Jeneza likitolewa, baba mtu awasili na mapambo ya maiti, amsifu mkwewe marehemu. Admetus amfukuza mbele ya watu. Amwita mwoga, amwambia hatamzika atakapokufa. Lakini mzee Pheres si mtu wa kunyamaza. Amjibu kwamba alimzaa na kumlea na kumpa ufalme, na hakuna mila ya Wayunani inayomlazimu baba amfie mwanawe. Amwuliza: wewe wapenda kuliona jua, wadhani baba yako halipendi? Amwambia kwamba yeye Admetus ndiye aliyepigana bila haya asife, akamtanguliza mkewe. Kwa hiyo mwenye kuitwa mwoga na mwuaji ni nani? Mwishowe amdhihaki kwamba amevumbua njia ya kutokufa milele, maadamu kila mke atakayemwoa ataweza kumshawishi afe badala yake.

Ni ugomvi wa aibu, baba na mwana wakitukanana juu ya maiti. Pheres si mtu wa kupendwa. Yeye mwenyewe akubali kwamba akishakufa watu wakimsema vibaya haimdhuru. Lakini kila alisemalo juu ya mwanawe ni kweli, na Euripides alimchagua mzee asiyependeka ili aiseme kweli hiyo, kwa maana angaliisema mtu mwema tungaliona haya kuisikia.

Wakati huo huo Heracles yumo ndani, amevaa shada la mhadasi, anakula, analewa na kuimba ovyo. Mtumishi mmoja ashindwa kujizuia, amfichulia kwamba aliyekufa ni bibi wa nyumba. Heracles alevuka papo hapo. Aona haya, tena ashangazwa na mwenyeji aliyeuficha msiba mkubwa kama huo ili asimrudishe mgeni. Aazimia kwenda kaburini, amvizie Mauti, amkamate na kumnyang'anya mwanamke huyo.

Huku nyuma Admetus arudi kutoka mazikoni. Nyumba ni tupu, kiti alichokuwa akikalia mkewe ni kitupu, sakafu haijafagiwa, watoto wamlilia mama yao. Hapo ndipo atambuapo, na asema waziwazi mbele ya wazee, kwamba mkewe ana bahati kuliko yeye. Mkewe amepata jina jema na taabu zake zimekwisha. Yeye amebaki na maisha ambayo hana raha ya kuyaishi, na adui zake watamnyoshea kidole wakisema: yule pale aliyemtoa mkewe ili asife, kisha awachukia wazazi wake hali yeye mwenyewe hataki kufa. Ni maneno yale yale ya baba yake, na sasa anajiambia nafsi yake.

Heracles arejea, ameongozana na mwanamke aliyefunikwa ushungi. Adai amemshinda katika mashindano, amwomba Admetus amweke mpaka atakaporudi Thrace. Admetus akataa. Mwanamke yule ana umbo la Alcestis, hawezi kumtazama. Amweke wapi? Chumba cha marehemu? Heracles amsukuma na kumsukuma, mpaka mwishowe Admetus akubali, akiugeuza uso wake upande, amshike mkono na kumwingiza ndani. Ndipo ushungi ufunuliwe, na ni mkewe.

Msomaji asipite upesi hapo. Kumshika mkono mwanamke na kumwingiza nyumbani, na kuufunua uso wake, ndiyo yaliyokuwa mambo ya arusi kwa Wayunani. Admetus hakujua kuwa ni Alcestis. Alijua tu kwamba anampokea mwanamke kijana, mgeni, siku ile ile aliyoapa hataleta mwanamke, na alifanya hivyo kwa sababu alishindwa kumkatalia mgeni wake. Ukarimu ule ule uliomrudishia mkewe ndio uliomfanya aanze kukivunja kiapo alichompa. Wataalamu wangali wakibishana iwapo Euripides alikusudia tumcheke au tumhurumie. Nashuku alikusudia yote mawili, na huenda ndiyo sababu mchezo wenyewe ulikaa mahali pa ajabu: kila mtungaji alileta michezo minne, mitatu ya misiba na wa nne wa mzaha, na Alcestis ilionyeshwa katika nafasi hiyo ya nne. Mwaka ule Euripides alikuwa wa pili. Wa kwanza alikuwa Sophocles.

Admetus ashangilia, aamuru mji mzima ufanye sherehe. Lakini Alcestis hasemi neno. Mumewe auliza kwa nini, na Heracles ajibu kwamba haruhusiwi kumsikia mpaka atakaswe na wakfu wa kuzimu, na siku ya tatu ifike. Wako wasemao ni kwa ajili ya waigizaji tu, kwani mchezo huu waweza kuchezwa na wanaume wawili wakibadilishana sura za bandia, na mwenye kuigiza Alcestis mwanzoni huenda ndiye aliyekuwa Heracles mwishoni. Yawezekana. Lakini mwanamke aliyejua kutoa hesabu yake kwa ufasaha namna ile, mtu angependa kujua atasema nini siku hiyo ya tatu akiwa peke yake na mumewe, na mchezo wamalizika kabla ya kufika huko.

Waliokuja baadaye walipenda zaidi zile sifa. Katika kitabu cha Aflatuni kiitwacho Karamu, mmoja wa wazungumzaji amtaja Alcestis kuwa ushahidi kwamba wapendanao tu ndio wawezao kufiana, na kwamba miungu ilimrudisha kwa kuustaajabia ujasiri wake. Katika kitabu hicho hicho aletwa na Diotima, mwanamke mwenye hekima, asiyekubaliana na hayo. Yeye aona Alcestis alitafuta jina lisilokufa. Juu ya Admetus hakuna aulizaye kitu.

Warumi nao walikipenda kisa hiki hata wakakichonga juu ya majeneza yao ya mawe. Moja limehifadhiwa katika majumba ya makumbusho ya Vatican. Lilitoka Ostia, bandari ya Roma, nalo ni la karne ya pili baada ya kuzaliwa Nabii Isa. Mwenyewe, Junius Euhodus, alikuwa mkuu katika chama cha maseremala wa mji huo, naye alilitengenezesha kwa ajili yake na mkewe, Metilia Acte. Katikati amechongwa Alcestis amelala akiaga dunia, watoto wake wakiwa kitandani pake, na kando yake Heracles akimrejesha kwa mumewe. Mchongaji alimpa Alcestis uso wa Metilia Acte. Na Admetus akampa uso wa seremala aliyelipa.